Winchi ya Meli Kwenye Nchi Kavu

Mulenda aliitambua kwa nyuma, kama mtu anavyomtambua ndugu yake sokoni. Alikuwa Area 25, kaskazini mwa Lilongwe, akitoka kupeleka sare za shule alizoshona mkewe. Alikatiza nyuma ya karakana ya magari ili afike haraka kwenye minibasi. Hapo, kati ya injini zilizokufa na matairi yaliyochakaa, ilikaa winchi ya meli.

Alisimama. Ilikuwa Oktoba 2011, na tangu alipokimbia Uvira hakuwa ameona winchi nyingine. Lilongwe haina bandari. Watu wa mtaa ule walikuwa wakianika nguo juu ya mashine hiyo. Mulenda aliondoa shati la mtu, akalikunja vizuri, akaliweka pembeni. Kisha akaweka kiganja juu ya ngoma, lile pipa nene la chuma ambalo waya hujizungusha juu yake. Aliinama akatazama meno ya gia. Yalikuwa makubwa kama magego ya kiboko, na grisi ya zamani ilikuwa bado imeyafunika.

Katika ujana wake alikuwa mwendesha winchi kwenye meli ya mizigo iliyosafiri kati ya Kalundu, Kalemie na Kigoma. Kwa mashine kama hii alikuwa ameinua saruji, mbao, na ng'ombe waliofungwa mikanda tumboni, wakielea hewani kwa macho ya mshangao. Hakuwahi kuzoea. Kila mara mzigo ulipoachana na sakafu, alihisi kwamba uzito wenyewe umeondolewa duniani kwa muda, na kwamba yeye ndiye aliyeombwa ruhusa.

"Unaisalimia?" sauti iliuliza.

Alikuwa mwenye karakana, Bambo Kachale, Mmalawi mnene aliyejifunza Kiswahili alipokuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam.

"Naisalimia, Bambo. Hii iko mashine ya meli."

"Najua. Meli ilivunjwa kule ziwani, nami nikachukua hii kama chuma chakavu. Lakini kila fundi anayekuja kuikata, msumeno wake ndio unaokatika."

"Usiikate."

"Wewe ni nani unayenipa amri katika ua wangu?"

"Mi njo mutu wa kuiendesha," Mulenda alisema, na papo hapo akamfikiria Kabibi na kisima.

Kabibi, mkewe, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji katika sehemu yao ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kisima walichokitegemea kilikuwa cha pampu ya mkono, chenye mabomba ya chuma yaliyoshuka ndani sana ya ardhi. Pampu ilikuwa imekufa, na ili itengenezwe ilibidi mabomba yatolewe. Hayakutoka. Mchanga ulikuwa umeyabana, na kutu ilikuwa imemaliza kazi. Wanaume walivuta kwa kamba mpaka ngozi za viganja zikachubuka. Shirika lililohudumia maji likaamua kwamba kisima hicho kimekufa na kitazibwa kwa saruji. Kisima kingine kilikuwa mbali, na foleni yake ilianza kabla ya alfajiri. Kabibi aliomba nafasi ya mwisho. Ofisa wa maji alimkubalia, lakini kwa sharti: Ijumaa angekuja na saruji. Kama mabomba yangekuwa bado chini, angeyamwagia hapo hapo.

Mulenda alimweleza Bambo Kachale haya yote. Mwenye karakana alikuna shingo, akaitazama mashine yake kana kwamba imemficha jambo.

"Sawa," alisema. "Nitaileta juu ya lori siku hiyo moja. Ikifanya kazi, nimepata chombo cha kuvutia malori yanayoanguka kwenye barabara ya Salima. Isipofanya, nitaiacha kwenu muikalie kama benchi."

"Zikomo, Bambo."

"Usinishukuru. Nataka kuona."

Kazi ya umeme ilifanywa na Evariste, kijana wa Bukavu aliyesomea mitambo kabla ya vita kumfukuza. Alikuja Area 25, akafungua mota ya winchi, akaikausha, akabadilisha nyaya zilizoliwa na panya, akaiunganisha na jenereta. Ilipozunguka mara ya kwanza alirudi nyuma hatua moja. Ngoma ilizunguka taratibu sana, bila kelele, na mkanda wa lori uliokuwa umeachwa juu yake ulivutwa na kutafunwa kama tambi.

"Papa Mulenda," alisema, "hii haina haraka."

"Kwa nini ikimbie? Hakuna kitu kinachoweza kuikatalia."

Evariste alipiga hesabu ya nguvu ya winchi, ya waya na ya mabomba, akarudia mara mbili. Ndiye aliyesema kwamba ile miguu mitatu ya chuma, ambayo ingesimama juu ya kisima na kubeba kapi la kupitishia waya, isiwekwe juu ya udongo mtupu. Mulenda hakuwa amefikiria hilo, kwa sababu sakafu ya meli haididimii. Walikwenda wakatafuta mbao nene.

Ilibaki kumtafuta mtu wa mkono.

Jioni, nyumbani kwake kambini, Mulenda alimweleza Evariste jambo hili kwa uangalifu, kwa kuwa hapa hakuna aliyelijua. Katika meli, mwendesha winchi haangalii mzigo. Mara nyingi hauoni kabisa, kwa sababu uko chini, tumboni mwa meli. Anaangalia mkono wa mtu mmoja anayesimama ukingoni na kuona pande zote mbili. Kidole kimoja juu: vuta polepole. Kiganja wazi juu: vuta kwa nguvu zote. Ngumi: simama. Kiganja kinachotazama chini: teremsha. Mwendesha winchi hatafakari. Jicho lake likiona, mkono wake umeshatii. Ndiyo maana mtu wa mkono huchaguliwa kama mchumba.

"Nitasimama mimi," Evariste alisema.

"Mkono wako siujui, mwanangu. Usikasirike."

"Sasa unaujua wa nani?"

Kabibi alicheka kutoka kwenye cherehani yake. "Wangu. Akiri, asiogope."

Ilikuwa kweli. Kabla ya ndoa, Kabibi aliuza mandazi kwenye gati la Kalundu. Akimsubiri kijana wake amalize zamu, alijifunza ishara zote. Hapo kambini, penye kelele za redio na za majirani, alimwamrisha mumewe kutoka mbali bila kufungua mdomo: ngumi alipozidisha chumvi, kiganja chini alipoanza kugombana na watu.

"Benyewe tunajua," Mulenda alikubali. "Hata nikilala naota ngumi yake."

Ijumaa lori la Bambo Kachale liliingia Dzaleka polepole, na watu waliacha shughuli zao wakalifuata. Lilisimamishwa mbali kidogo na kisima, likafungwa kwa minyororo kwenye nguzo za zege zilizobaki tangu mahali hapo palipokuwa gereza. Miguu mitatu ilisimama juu ya mbao. Waya ulitoka kwenye ngoma, ukapanda hadi kwenye kapi, ukashuka, na kulabu yake ikashika bomba lililofungwa vibanio. Mulenda alichora mstari wa majivu. Aliyeuvuka angerudishwa na Kabibi, na hilo lilitosha.

Ofisa wa maji alikuwa amefika pia. Nyuma ya gari lake kulikuwa na mifuko ya saruji. Hakuwa mtu mbaya. Aliegemea mlango wa gari na kungoja.

Mchungaji Rodrigue aliomba kwa ufupi, na kwaya yake ikajipanga nyuma ya Kabibi, upande mwingine wa majivu.

"Mama Gabriella!" Mulenda alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, kutoka juu ya lori. "Uko tayari?"

"Mi niko tayari tangu Kalundu! We ndiye umezeeka!"

Watu walicheka. Kabibi aliinua kidole kimoja.

Mulenda alisukuma wenzo, kile chuma kifupi cha kuongozea mashine, kwa upana wa ukucha. Jenereta ilibadilisha sauti. Waya uliokuwa umelegea ulijikusanya, ukanyooka, ukawa mstari ulioonekana kuchorwa hewani kwa rula. Vumbi lililokuwa juu yake lilidondoka lote kwa pamoja. Kisha waya ukaanza kuimba, sauti nyembamba ambayo watu waliisikia kwenye meno kabla ya masikio.

Haikuwa nguvu waliyoizoea. Nguvu waliyoijua ilikuwa na jasho, makelele na kuhesabu moja mbili tatu. Hii ilikaa kimya na kuongezeka.

"Yesu!" mama mmoja wa kwaya alisema, na akafanya kile ambacho mtu wa kwaya hufanya. Aliinua mikono. Kwaya nzima ikainua mikono. Nyuma yao kanisa zima likainua mikono, viganja wazi, vidole vikitetemeka kwa sifa.

Mulenda aliona viganja. Mkono wake ukatii kabla ya akili.

Winchi ilivuta kwa nguvu zote. Lori liliguna, na magurudumu yake ya mbele yakaachana na ardhi. Mbao zilizokuwa chini ya miguu mitatu zililia. Waya ulipanda kutoka wimbo hadi ukelele. Kabibi hakugeuka kuona kilichotokea. Aliruka mbele, akasimama pale ambapo mumewe hangeweza kuona kitu kingine, na kumwonyesha ngumi.

Wenzo ulirudi. Breki ikashika. Magurudumu yakatua.

Ofisa wa maji alikuwa amesimama wima. Evariste alikwenda kisimani, akakagua vibanio, akapapasa bomba kwa vidole, na akaweka sikio lake juu ya chuma.

"Halijakatika," alisema. "Mbao zimebeba. Lakini tena hivyo, hapana. Likikatika ndani, kisima kimekwisha."

Mulenda alijifuta uso. "Pasta," aliita, "bantu bako wananiua. Kiganja wazi ni amri ya meli. Mi naona amri mia, na mkubwa iko mmoja tu."

Mchungaji Rodrigue aliwatazama waumini wake, kisha winchi, kisha mikono yake mwenyewe iliyokuwa bado juu. Aliishusha.

"Ndugu zangu," alisema, "leo tutamsifu Mungu mikono ikiwa mgongoni."

"Mgongoni, Pasta? Kama wafungwa?" mtu aliuliza.

"Mahali hapa palikuwa gereza. Pamezoea."

Kicheko kilipita, kisha kikafa chenyewe. Watu wote, wazee kwa vijana, wenye kanisa na wasio na kanisa, waliweka mikono migongoni. Bambo Kachale alifanya hivyo hivyo. Ofisa wa maji alisita kidogo, naye akaiweka yake. Kwaya ilianza wimbo kwa midomo iliyofungwa, sauti ya chini iliyolingana karibu kabisa na ile ya jenereta.

Kidole kimoja kilipanda.

Waya ulinyooka tena. Mulenda alivuta mpaka ulipoimba, kisha hakuongeza. Aliushikilia pale pale.

"Mbona haivuti?" Bambo Kachale alinong'ona.

"Inavuta," Evariste alimjibu. "Inangoja udongo uchoke."

Hakuna kilichosogea, na bado kila mtu aliona kwamba jambo kubwa linatendeka. Katika uzi ule mwembamba kulikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wote wa Dzaleka, nayo ilisubiri, bila kuchoka na bila hasira. Jasho lilishuka kwenye mkono wa Kabibi. Kidole hakikutikisika.

Kisha ardhi ikasema. Ilikuwa sauti nzito, fupi, kutoka chini sana, na waliokuwa pekupeku waliipata kwenye nyayo. Bomba lilipanda kwa upana wa kidole. Likasimama. Likapanda tena.

Mikono ilibaki migongoni. Bomba lilitoka polepole, jekundu kwa kutu, likiwa limevaa mchanga mzito kama koti. Lilipofika juu, Evariste alilibana chini, akalifungua, akaliweka kando, na waya ukashuka kuchukua lililofuata. Mabomba ya chini yalikuwa yamelowa, na harufu ya maji ilienea, harufu ya baridi katika joto la Oktoba. Watu walisogea hadi kwenye majivu wakasimama hapo wakiinusa. La mwisho lilitoka likidondosha matone, na mchanga ukayanywa mara moja.

Mabomba yalikuwa yametoka, lakini ofisa alitaka kujua kama kuta za kisima zilikuwa salama. Kama zilikuwa zimeporomoka, saruji ilikuwa bado na kazi. Evariste aliomba kioo. Kinyozi wa sokoni alileta chake. Evariste alikishika juu ya tundu, akakigeuza mpaka kikashika jua, na akaurusha mwanga chini.

"Mama Kabibi," alisema, "tazama wewe kwanza."

Kabibi alilala kifudifudi kwenye matope mapya na kuweka jicho lake ukingoni. Mwanga ulikuwa umeshuka ukigusa ukuta mmoja na mwingine, na kuta zilikuwa nzima, laini, zikienda chini kuliko alivyowahi kudhani. Mwishoni kabisa kulikuwa na duara dogo jeupe. Lilitikisika, likatulia, likang'aa.

Alikaa hivyo muda mrefu. Mumewe alizima jenereta, akashuka kwenye lori, akasimama karibu na miguu yake.

"Mama Gabriella, unaona nini? Sema."

"Iko," alisema Kabibi, na sauti yake ilirudi kutoka shimoni ikiwa nene kuliko yenyewe. "Maji iko. Inatuangalia."

Ofisa wa maji alikunja suruali yake, akapiga magoti mahali Kabibi alipokuwa, akatazama. Alisimama, akapangusa magoti. Alikwenda hadi kwenye gari lake, akafunga turubai juu ya mifuko ya saruji, akarudi kushika kioo ili Evariste apate kutazama.