Mkwe Yumo Kwenye Grupu

Watu wengi hutaka kupunguza mwili ili gauni liwakae vizuri, au kwa sababu daktari amewatisha. Tupokigwe wa Masukulu alitaka kupungua ili aweze kumkimbia baba mkwe wake. Usicheke kwanza, ngoja nikueleze.

Ukoo alioolewa una mila yake ya tangu enzi. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hali mbele yake, halitamki jina lake. Wakikaribiana njiani, mwanamke ndiye anayeacha njia: anaingia migombani, anageuza mgongo, anasubiri mpaka mzee apite. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao, wameshikana mabega na soda mkononi, na mbingu haijaanguka. Lakini Tupokigwe hakuwa kijana. Aliolewa akiwa na miaka ishirini, sasa alikuwa na sitini na moja, na katika miaka yote hiyo uso wa mzee yule alikuwa hajawahi kuuona. Alikijua kikohozi chake, alizijua gambuti zake, aliujua mgongano wa fimbo yake na mawe. Uso, hapana. Wengine wana digrii, yeye alikuwa na hilo, na alilionea fahari. Na kwa kuwa jina la mzee yeye halitamki, sisi nasi tusijifanye wajuaji. Tumwite Mzee.

Sasa, mila ilitungwa kwa ajili ya wanawake wanaoweza kuruka. Tupokigwe alikuwa amenenepa, magoti yamechoka, na mashamba ya Masukulu hayajawahi kuwa tambarare. Siku moja ya mvua alikuwa anatoka shambani na kapu la maharage, akasikia kikohozi kwenye kona. Akageuka haraka apenye kwenye pengo la ua wa michongoma aingie migombani, kama alivyofanya maisha yake yote. Goti la kushoto likagoma. Sketi ikanasa kwenye miiba. Akabaki amejaa kwenye pengo lile kama godoro mlangoni, nusu ndani, nusu njiani, na nusu iliyobaki njiani ndiyo iliyokuwa kubwa.

Mzee akafika, akasimama. Kumshika hawezi, kupita hawezi. Akageuka akatazama mlimani, mvua inamnyeshea kofia, akaanza kumwita mwanawe kwa sauti ya taratibu: "Anyosisye. Anyosisye, njoo umtoe mkeo." Ilibidi Anyosisye aje na panga aukate ua. Hadi jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshapata habari, na wengine walikwenda kuliangalia pengo.

Tupokigwe alilia mbele ya mumewe, wala hakuficha.

"Baba Jairo, siku nyingine nitashindwa kabisa. Nitamkodolea macho kama mbuzi."

"Ana miaka themanini na nne," Anyosisye akasema. "Akikuona atafanya nini?"

Lilikuwa swali la kijinga, na alilijibu yeye mwenyewe kwa kula viazi vya kuchemsha siku mbili, kwa sababu mkewe hakupika kingine.

Basi ndipo likaja suala la nesi. Zahanati ilikuwa imepata nesi mpya, Pudensiana, binti wa Songea, mwenye bidii ya mtu ambaye hajakaa sana mahali. Aliwapima wamama wa kijiji, akashika kichwa, akaanzisha grupu la WhatsApp akaliita Mama Mwepesi. Masharti yalikuwa matatu: piga picha sahani yako kabla ya kula, tuma video ya mazoezi, na kila Jumanne njoo upimwe kwenye mizani. Tupokigwe alikuwa na simu kubwa aliyoletewa na mwanawe Jairo kutoka Mbeya, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa inafunikwa kitambaa isiingie vumbi. Aliifunua.

Mwanzo ulikuwa wa shida. Nesi aliwaambia watembee kila siku, na wamama wanaopanda mlima na ndoo ya maji kichwani wakajibizana kwa ujumbe wa sauti kwa nusu saa, wakicheka tu. Nesi akasema mlo uwe na ndizi mbili. Hakujua kwamba kuna ndizi za Rungwe ambazo mbili zake zinalisha mgeni na aliyemsindikiza. Tusajigwe, jirani na shoga yake Tupokigwe, alituma picha ya mbalaga, zile ndizi za kupika, kidogo na mchicha mwingi, akapongezwa. Kesho yake akatuma tena, akapongezwa. Wiki ya pili nesi akauliza kwa upole mbona nzi aliyetua ukingoni mwa sahani ni yuleyule, na amekaa palepale. Tusajigwe akajibu kwamba ni nzi wa pale nyumbani, wamemzoea.

Tupokigwe hakudanganya hata siku moja. Wenzake walikuwa wanatafuta uzuri au uzima; yeye alikuwa na kikohozi kinachomsubiri kwenye kona. Aliacha vijiko vitano vya sukari kwenye chai, akabaki na kimoja, na kile kimoja alikikoroga mpaka basi. Alikunja magoti akishika mgomba. Aliruka kamba ya mbuzi. Mizani ikaanza kumsikiliza, na goti nalo likapunguza makelele.

Siku aliyofanikiwa kuvuka mfereji kwa mruko mmoja, Tusajigwe alimpiga video. Khanga imefungwa juu ya magoti, miguu ya Tupokigwe inapaa, inatua ng'ambo, inacheza kidogo kwa furaha. Walituma. Grupu likajaa vidole gumba na maua. Halafu namba ngeni nayo ikatuma kidole gumba, na baada yake ujumbe wa sauti. Tupokigwe akaubonyeza.

Kilianza kikohozi.

Kikohozi kile angekitambua hata kikitokea ndani ya pipa. "Ndaga fijo, asante sana, nesi, kwa kuniingiza humu," sauti ikasema. "Leo nimekula ndizi mbili. Nilitaka ya tatu, nikaiacha."

Tupokigwe aliitupa simu kwenye ungo wa maharage, akageuka akatazama ukuta. Sauti ikaendelea kule kwenye maharage, inaeleza bila haraka jinsi ilivyotembea mpaka kanisani na kurudi, na hali ya nyonga. Yeye akasimama vilevile, mgongo kwa ungo, mikono kifuani, mpaka Mzee alipomaliza kupita. Hapo ndipo akaikumbuka video. Miguu. Magoti. Kule kucheza kwa mwisho. Akakaa chini palepale sakafuni.

Asubuhi alikuwa zahanati kabla hata nesi hajafungua dirisha.

"Mama, yule mzee alikuja mwenyewe, akanibembeleza," Pudensiana akasema. "Naye ana uzito na presha. Na isitoshe, yuko kwake, wewe uko kwako. Mnakutana wapi?"

"Nimemsikia anakula."

"Hakuwa anakula. Alikuwa anaeleza alichokula."

"Kwa mkwe ni kitu kimoja, mwanangu."

Nesi akamwambia basi, atamtoa mzee. Tupokigwe akashtuka zaidi. Baba mkwe afukuzwe njiani kwa ajili yake? Atazikwa na nani? Anayeondoka ni mwanamke, ndiyo mila, na mwacha mila ni mtumwa. Lakini akiondoka, nani atamhimiza? Sukari itarudi, kilo zitarudi, na siku moja atarudi kwenye pengo la ua. Alirudi nyumbani akiwa na uchungu wa kweli, maana aliona kwamba akikaa amemvunjia mkwe heshima leo, na akitoka atamvunjia kesho.

Aliyeokoa jahazi ni Tusajigwe, yule yule wa nzi. Ukisikia akili ni nywele, kila mtu ana zake, ndiyo hiyo.

"Grupu ni njia," Tusajigwe akasema. "Njiani tunafanyaje? Mzee akitokea, mtu anapiga kelele kwamba anapita. Sasa na humu tutapiga kelele."

Ikawa hivyo. Mzee akianza tu kurekodi, mmoja wa wamama anaandika kwa herufi kubwa: ANAPITA. Tupokigwe anaigeuza simu kifudifudi, anaifunika kwa khanga, anaendelea kuchambua mboga. Mzee akimaliza wanaandika AMEPITA mara tatu mfululizo, na Tupokigwe akisikia milio hiyo anaifunua simu. Nesi wa Songea aliacha kuuliza. Kilo zilikuwa zinashuka pande zote mbili za njia, naye hilo lilimtosha.

Ilibaki ile video. Tupokigwe alimtuma mumewe akapeleleze. Anyosisye alirudi akiwa anajikaza asicheke.

"Anasema aliona miguu ya mtu inaruka mfereji. Akabonyeza kidole. Halafu akaona ni miguu ya mwanamke, akaigeuza simu ukutani. Tangu siku hiyo anaisikiliza ikiwa ukutani."

"Hakuuliza ni nani?"

"Aliuliza ni binti wa nani yule, anaruka vizuri."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisema simjui."

Jioni ile Tupokigwe alimpikia mumewe mbalaga kwa maziwa, na yeye mwenyewe alikula kidogo akatuma picha.

Miezi ikaenda. Njiani alikutana na kikohozi mara kadhaa, na kila mara aliingia migombani kama msichana. Wapo waliochelewa kwenda shamba makusudi wamwangalie anavyopotea. Akaanza kuamini kwamba heshima yake ataifikisha mwisho, mpaka mmoja wao azikwe na mwenzake amlilie bila ya kuwa amewahi kumtazama.

Wamama walipimwa Jumanne, Mzee Jumatano, nesi alishapanga. Ila wiki moja nesi aliitwa kwenye mkutano Tukuyu siku ya Jumatano, akatuma kwenye grupu ujumbe wa sauti kwa Mzee kwamba aje Jumanne asubuhi. Mzee alikuwa ndio kwanza amemaliza kuzungumza, mtu ameshaandika ANAPITA, na hakuna aliyekumbuka kuandika amepita. Simu ya Tupokigwe ikashinda chini ya khanga na ujumbe ukapita naye hana habari.

Jumanne alipanda mizani, miguu mitupu. Pudensiana alikuwa anainama asome namba, ndipo kikohozi kikasikika mlangoni.

Tupokigwe hakusubiri namba. Alishuka, akachukua khanga, akatokea mlango wa nyuma kwa kasi ambayo mwaka mmoja nyuma ingemlaza kitandani. "Mama Jairo, viatu vyako," nesi akaita. Na kule mbele, Mzee aliposikia hilo jina, akajua ni nani yumo ndani. Naye hakusubiri. Akapiga kona kwenye ukuta wa zahanati akimbilie nyuma asionekane.

Sasa wewe jengo unalijua, lina pande nne tu. Mmoja alizunguka kutokea kushoto, mwingine kutokea kulia, kila mmoja akimkimbia mwenzake kwa heshima zote, na wakakutana uso kwa uso nyuma ya tangi la maji.

Kwa bahati, wote wawili walikuwa wepesi. Tupokigwe alijifunika khanga kichwa kizima kabla hajaona kitu zaidi ya gambuti. Mzee alivuta kofia yake mpaka kidevuni. Wakasimama hivyo, hatua mbili baina yao, vipofu wote.

"Ni wewe, mama?" Mzee akauliza ndani ya kofia.

"Ni mimi, baba."

"Hukuumia?"

"Sikuumia."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bomba la tangi.

"Mbona huhemi?" akauliza tena.

"Nimepungua, baba. Na wewe huhemi."

"Na mimi nimepungua."

Tupokigwe alijua la kufanya, ila chini ya khanga hakuona njia, na kulia kwake kulikuwa na ukuta na kushoto kuna tangi. "Nipe nafasi baba, niondoke."

"Safari hii nitaondoka mimi."

"Mila inasema niondoke mimi."

"Mila ilikukuta na miaka ishirini," Mzee akasema. "Sikiliza, mama, maana sitalisema mara mbili. Siku ile umenasa, nilisimama kwenye mvua nikawaza: huyu mtoto amenipisha umri wake wote, na magoti yake yamekwisha kwa kunipisha. Nikaenda kwa nesi. Nikamwambia nataka kupungua, ili nami niweze kumpisha. Ndiyo sababu nimo humo kwenye grupu lenu. Simu yangu inatazama ukuta, ila najua umo."

Machozi yalimtoka Tupokigwe chini ya khanga, akayaacha yatoke.

"Haya," Mzee akasema. "Napita."

Zikasikika gambuti zinageuka. Kisha zikasikika zinakwenda, na siyo kutembea. Tupokigwe akashusha khanga usawa wa jicho moja. Mzee wa miaka themanini na nne alikuwa anakimbia, fimbo kaibeba begani, mgongo wa koti unaruka juu na chini, anakata uwanja wa zahanati kuelekea kwenye mashamba ya chai. Mgongo aliujua sasa: ulikuwa ule ule wa Anyosisye. Alimtazama kwa jicho hilo moja mpaka alipozama kwenye chai, asimwone tena.

Nesi alitokea mlango wa nyuma, viatu mkononi, akauliza kumetokea nini. Tupokigwe alifuta uso, akatoa simu kifuani, akabonyeza pa kurekodi.

"Nesi," akasema, ingawa nesi alikuwa amesimama mbele yake, "mwandikie Baba mazoezi yake ya leo. Amekimbia kutoka kwenye tangi mpaka kwenye chai, wala hakusimama hata mara moja. Nimemwona mwenyewe."