Ujumbe wa Parsimei Kutoka Msituni

Zoezi lile alilibuni Zamda mwenyewe, wala hakuna aliyemsukuma. Alikuwa akifundisha Kiingereza katika chuo kidogo cha waongoza watalii huko Sokon I, na muhula mzima wanafunzi wake walikuwa wamemshinda kwa yale maneno yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Penye "right", yaani kulia, waliandika "write", yaani andika. "Hear" na "here" kwao zilikuwa kitu kimoja. Ubaoni walielewa, kesho yake wamesahau. Basi akaona awapeleke msituni juu ya Olmotonyi, wawili watangulie na simu, watume maelekezo kwa Kiingereza, na wenzao wafuate kwa kusoma tu.

Waliotangulia ni Parsimei na Elizabeth. Parsimei alikuwa kijana wa Kiarusha aliyekulia machungani. Nyayo za mnyama yeyote alizisoma bila shida, ila kuandika kulimtoa jasho. Asubuhi ile garini Zamda alikuwa amembana.

"Ndani ya 'hear' kuna nini?"

"Kuna 'ear', madam. Sikio. Kwa hiyo ni kusikia."

"Na ile nyingine?"

"Ni hapa."

"Haya. Usije ukaniangusha."

Ujumbe wa kwanza ulisema wakate "write" kwenye mti mkubwa. Wanafunzi wakacheka, na Sankale akajifanya anaandika juu ya gome kwa kidole. Zamda naye alicheka. Hakuwa mtu wa misitu, na kicheko kilimpunguzia wasiwasi aliokuwa nao tangu washuke garini.

Kisha ukungu ukateremka kutoka Mlima Meru. Miti ya mbele ikafutika, halafu ya karibu, na ndege wakanyamaza. Mzee Manase, mwongozaji wa mlima aliyewasindikiza na fimbo yake, akasimama. Miguuni pake palikuwa na kinyesi kipana, kibichi, bado kinafuka mvuke.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "waite wale watoto warudi."

Kabla Zamda hajajibu, simu ikatetemeka mkononi mwake. Akasoma: "Madam buffalo hear."

Hakukuwa na neno jingine. Aliandika haraka, safari hii kwa Kiswahili, "Nyati yuko wapi?" Ujumbe haukwenda. Akajaribu tena, mtandao ukagoma.

"Tumpigie," alinong'ona Anna, mmoja wa wanafunzi.

"Usithubutu," Mzee Manase akamkatiza. "Simu ikilia huko, mnyama atajua walipo." Akamgeukia Zamda. "Kijana anasema nini hasa?"

Zamda akausoma tena ujumbe. "Ama anasema nyati yuko pale walipo, ama anasema anamsikia tu."

"Kuna tofauti gani?"

"Kama yuko kwao, njia hii ya kwetu haina kitu. Kama anamsikia tu, anaweza kuwa katikati yetu na wao."

"Huwa anakosea?"

"Kila siku."

"Basi amekosea na leo. Yuko kwao. Twende tupige kelele tumfukuze." Akanyanyua fimbo, akaanza kupanda.

Zamda akamshika mkono wa koti. Aliona aibu kumzuia mtu mzima namna ile, lakini vidole havikuachia. "Hapana, Mzee. Leo asubuhi neno hilo alilipata. Nilimsikia kwa masikio yangu. Tutoke njiani, tafadhali."

Mzee Manase alimtazama, kisha akawaashiria wanafunzi. Wakajibanza nyuma ya shina nene, wamebanana, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake. Hapakuwa na sauti. Zamda alianza kufikiri kwamba amewaacha watoto wawili wafe kwa ajili ya neno moja, na akawa anatamani kulia.

Ndipo matawi yakavunjika. Nyati dume akatokea ukunguni, anashuka njia ile ile waliyoiacha, tope limemganda mbavuni. Akasimama mahali fimbo ya Mzee Manase ilipokuwa imechoma ardhi, akapuliza pua. Zamda alimziba Anna mdomo kwa kiganja. Mnyama akatikisa kichwa, akaendelea kushuka, na ukungu ukammeza.

Walikaa pale hadi Mzee Manase alipowaashiria kwa kichwa.

Walipopanda, waliwakuta Parsimei na Elizabeth juu ya mti, wamekumbatia tawi moja. Elizabeth alikuwa amepoteza kiatu. Parsimei alishuka kwanza, akampokea mwenzake, kisha akasimama mbele ya mwalimu wake.

"Ulimsikia yuko upande gani?" Zamda akamuuliza.

"Kumsikia, madam?" Parsimei alionyesha udongo uliovurugwa chini ya mti. "Alikuwa hapa. Hapa hapa, anatutazama. Nikakuandikia kwamba yuko hapa. Amekaa, amekaa, ndiyo kaondoka kuja kwenu."

Zamda akaketi chini kwenye majani yenye maji. Hofu aliyodhani imekwisha ikamrudia upya, kubwa kuliko ya mwanzo, kwa sababu sasa alijua kwamba hakuwa amejua lolote, na kwamba kosa la herufi ndilo lililowatoa njiani.

"Nimekosea spelling?" Parsimei aliuliza taratibu.

"Inuka twende," alijibu, ingawa aliyekaa chini alikuwa yeye.

Mzee Manase akamnyanyua. Walishuka kwa njia ndefu ya upande wa pili, Zamda amemshika Elizabeth mkono, na hakumwachia hata walipofika barabarani.