Mbona Halii?

Kaltum aliigeuza kola ya shati akaitazama kwa ndani, kama anavyofanya kila mnunuzi wa mitumba. Akakagua kwapa. Akavuta mshono wa bega kuona kama uzi umeoza. Kisha akamuuliza muuzaji, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na jua na kutembea, "Rangi yake haitoki ukifua?"

Muuzaji, yaani Maxime, mwigizaji mwenzake, akajibu haitoki. Kaltum akalikunja shati mkono juu ya mkono, akalirudisha mezani, akaondoka jukwaani bila kugeuka nyuma. Tumbo lilikuwa linamnguruma tangu asubuhi, maana kwao Buyenzi, mtaa wa Waswahili, walikuwa wamekunywa chai kavu tu, lakini alijua sehemu imemtoka vizuri. Ilimchukua mwezi mzima kuipata.

"Mbona halii?" akauliza Madamu Elsa.

Hakumuuliza Kaltum. Alimuuliza Anselme, mwongozaji wa kikundi, kama mtu anayemuuliza fundi kwa nini gari haliwaki. Elsa alikuwa mtu wa shirika. Mrundi wa Gitega, kasoma Ulaya, karudi na viatu vya bapa na subira nyingi. Shirika ndilo lililolipia ukumbi huu wa Rohero, gari na vipaza sauti. Arusha wakubwa walishatia sahihi mkataba wa amani, milimani bunduki ziliendelea kulia kama kawaida, na kila shirika mjini lilitaka kuwa na mchezo wake wa amani.

Anselme akakohoa. Kaltum akajibu mwenyewe.

"Hawezi kulia, Madamu. Shati ni la mutoto wake aliyeuawa, na anayeliuza anajua limetoka wapi. Akitoa chozi moja, kesho naye hayupo. Ndiyo maana anauliza habari ya rangi."

"Nimeelewa. Lakini watu watajuaje kwamba anaumia?"

"Watajua. Si Warundi?"

Maxime akacheka kidogo, akaacha. Elsa hakucheka. Na yeye si alilelewa hapahapa? Si alifundishwa, kama watoto wote wa nchi hii, kwamba mtu mzima hamwagi uchungu wake mbele za watu, kwamba machozi hushuka kwa ndani yakaishia tumboni? Wenyewe wanaita kwiyumanganya. Nchi nzima ilikuwa inazika watu wake hivyo tangu mwaka wa tisini na tatu, kwa nyuso kavu. Kaltum alikuwa ameichukua tabia hiyo akaipandisha jukwaani, na sasa anaambiwa haionekani.

"Halafu wanja," akasema Elsa, safari hii akimtazama. "Mama mwenye shida anapaka wanja?"

"Mi sijawahi kuona mama mwenye shida asiyejua anataka kuonekana vipi."

Alisema kweli. Mama yake mwenyewe, siku alipomaliza eda, alikaa mbele ya kipande cha kioo akapaka wanja kwa mkono usiotetemeka, akatoka kwenda kuuza vitumbua. Mwanamke aliyepaka wanja halii ovyo, alimwambia binti yake, maana utamchafua. Kaltum alijifunza uigizaji hapo kabla hajajua kwamba kazi hiyo ipo. Tangu hapo hakuwahi kupanda jukwaani bila wanja, wala bila bangili zake za shaba ambazo alizifunga kwa uzi zisilie. Watu wakisema anajipenda, aliwajibu kwamba akisubiri wao wampende atazeeka.

Elsa akamvuta pembeni, karibu na dirisha.

"Usinielewe vibaya. Unajua kazi yako. Lakini wewe ni wa Buyenzi, Kaltum. Babu yako Mwarabu. Katika vita hii ya makabila ninyi hamna upande. Watu wakikuona pale watajiuliza, huyu analilia nani?"

Kaltum alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Kaka yake Nasser alikuwa utingo wa basi la kwenda Kayanza. Basi liliviziwa likachomwa, na waliolichoma hawakuuliza babu wa nani katoka Omani. Maneno hayo yalikuwa mdomoni, yamepangika. Angeyasema tu, Elsa angemshika bega, na nafasi ya mama ingebaki yake. Lakini ingebaki ya dada yake Nasser. Mwigizaji angekuwa ameondolewa, pamebaki mfiwa. Na yeye alitaka nafasi hii kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, aliitaka kwa sababu anaiweza. Akayameza maneno.

"Kazi yangu si kumlilia mtu wangu, Madamu," akasema hatimaye. "Kazi yangu ni yule mama."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema Elsa kwa upole.

Jumatatu iliyofuata gari la shirika lilileta mwanamke kutoka kambi ya waliokimbia vita. Aliitwa Jovithe. Alikuwa na kitenge kilichopauka na namna ya kukaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke. Mtoto wake Zénon aliuawa akienda kuchota maji. Hakuwa amewahi kumsimulia mtu. Elsa akampa lile shati, akamwambia, kwa Kirundi kizuri, asijali mchezo. Ashike shati tu, aseme yake.

Jovithe alilishika. Akaanza kusema. Akafika kwenye dumu la maji, lililokutwa limesimama wima, halijamwagika, na hapo sauti ikamkatika akaanguka magoti. Sauti kama ile Kaltum hakuwahi kuisikia jukwaani. Elsa alilia. Anselme alilia, mtu mzima mwenye ndevu. Kaltum naye nywele za mikono zilimsimama, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kwamba na yeye alisisimka.

"Voilà," akasema Elsa akijifuta. "Hii ndiyo kweli."

Kaltum hakufukuzwa. Afadhali angefukuzwa. Alifanywa msaidizi, wa kumshikia Jovithe maji, kumfunga kitenge na kumtoa jukwaani akizidiwa. Wanawake wa Buyenzi walipomuuliza mchezo unaanza lini, aliwaambia bado tunajiandaa, akaendelea kusuka nywele za watu kibarazani.

Mara ya kwanza walicheza mtaa wa Mutakura, mchana, ili watu wawahi kurudi kabla ya saa ya kutotoka nje. Uwanja ulijaa. Jovithe alianguka magoti palepale kwenye dumu la maji, na wanawake walioujua msiba wao wenyewe walilia pamoja naye. Wageni wa shirika walipiga picha. Wakacheza tena kwingine, na kwingine tena. Kila mahali Elsa aliandika kitu, akamshika Jovithe mikono yote miwili, akamwambia asante kwa ujasiri wako.

Halafu machozi yakakauka.

Jovithe alisimama na shati, akasema yote, dumu na yote, kwa sauti ileile, uso mkavu. Akatoka. Watu wakapiga makofi ya adabu.

"Kaltum," akasema Elsa kwenye gari, "msaidie. Ninyi waigizaji mna vile mnafanya."

Walikuwa na vile wanafanya, ndiyo. Mafuta ya mafua, kidogo tu, chini ya jicho. Kaltum aliyaleta kwenye chupa ndogo, nyuma ya pazia, akamkalisha Jovithe. Jovithe akaitazama ile chupa.

"Ni ya nini, dada?"

"Ya kuleta machozi."

Jovithe akafikiri. "Machozi ninayo," akasema. "Ni Zénon ndiye simuoni. Mbele nilikuwa nikifumba macho namuona, na kaptula yake, na kidonda chake cha goti. Sasa nikifumba naona watu wamekaa wananitazama. Nimemusema mpaka ameisha."

Kaltum alifunga chupa. Aliona aibu, tena aibu ya kitu ambacho hakukianzisha yeye. Akavuta kiti karibu.

"Sikia. Zénon usimulete hapa tena. Muache nyumbani."

"Nitasema nini sasa?"

"Utamuchukua mama mwingine. Mama huyu si wewe, na mutoto wake si Zénon. Yuko sokoni, ameona shati. Muuzaji anamutazama. Anataka kupiga kelele na hawezi. Mikono yake inafanya nini?"

Jovithe akalishika shati. Polepole, bila kuambiwa, akaigeuza kola.

Walifanya hivyo wiki nzima, kabla ya wengine kufika. Kaltum alimpa kila kitu. Alimpa kwapa, na mshono wa bega, na ile sauti iliyochoka. Alimwonyesha pa kuvuta pumzi. Kumbe mwanamke yule alikuwa na kipaji, alikuwa nacho hasa, na alipolipata swali la rangi alicheka kwa mara ya kwanza, akaziba mdomo kwa kiganja kama aliyeiba. "Kwa hiyo mutu anaweza kuumia bila kuumia," akasema. Kaltum akamwambia ndiyo hiyo kazi. Siku ya mwisho alimpaka wanja.

Kajaga walicheza mbele ya wavuvi na wake zao, ziwa likiwa nyuma yao. Kaltum alisimama kando ya lori. Hakuwa amewahi kuiona sehemu yake kutoka nje. Jovithe alikagua shati, akauliza kama rangi haitoki, akalikunja, akaliweka, akaondoka. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyekohoa. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la dagaa aliinamisha kichwa akabaki hivyo, na wanaume waliokuwa wamesimama nyuma wakavua kofia, mmoja mmoja, bila kutazamana. Kaltum alifurahi na kuona wivu kwa pamoja, akashindwa kujua kipi kimezidi.

"Sasa anaigiza," akasema Elsa.

"Si umeona watu?" akauliza Kaltum.

"Nimeona watu wamekaa kimya. Kimya siwezi kuwaonyesha wafadhili Brussels. Mimi simlaumu, vraiment. Amezoea. Tukiwaweka muda mrefu wanazoea."

"Amejifunza, Madamu. Kuzoea ni kitu kingine."

"Waigizaji tunao, Kaltum. Nilikuwa na wewe."

Jovithe alishushwa kambini jioni ileile, na kilo za maharage na mkono wa asante. Kwa wiki zile watoto wake wawili waliobaki walikuwa wanakula mara mbili kwa siku, na sasa basi. Wanja ulikuwa bado uko machoni, haujachafuka.

"Nimekosea wapi, dada?"

"Hujakosea."

"Basi wamenifukuza kwa kufanya vizuri," akasema Jovithe. Akalitazama gari, akaitazama njia ya matope ya kurudia hemani. "Mambo gani haya. Nilipokuwa nakufa pale mbele yao walinipenda."

Dereva alipiga honi kwa sababu ya saa ya kutotoka nje.

Siku chache baadaye Anselme alimwita ukumbini mapema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, anazungusha pete yake ya ndoa, na Kaltum akajua kabla hajafungua mdomo kwamba kuna kitu anakionea haya.

"Kuna mchezo mwingine unakuja," akasema. "Mkubwa. Utachezwa hapahapa mjini, mabalozi watakuja. Huo ni mchezo kweli, si ushuhuda. Mwanamke mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimemwambia Elsa ni wako, hakuna mwingine."

Kaltum alikaa.

"Amesemaje?"

"Amekubali. Lakini anataka kwanza tumalize huu. Leo analeta mama mwingine kutoka kambi. Anataka ukae naye wewe, kwa sababu wanawake wanakuamini." Akasita. "Usimufundishe kitu. Amesisitiza hapo. Huyu hajawahi kusimulia, bado mbichi. Wewe muulize tu, yeye atasema, sisi tutarekodi. Ukimuharibu kama yule, mchezo mkubwa usahau. Na mimi sitaweza kukutetea tena."

"Nilimuharibu Jovithe?"

"We unajua ninachosema, Kaltum."

Alijua. Alijua pia ana umri gani, na kwamba nafasi ya mwanamke mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho hairudi mara ya pili mlangoni mwa msichana wa Buyenzi ambaye uso wake, wanasema, hauna upande. Alitaka kumtukana Anselme. Alitaka kuinuka aende zake. Alikaa hapohapo, akisikia gari likiingia uani.

Mwanamke aliingia na viatu vyake mkononi ili asichafue sakafu. Alikuwa mdogo kuliko Jovithe, pengine mdogo kuliko Kaltum. Nyuma yake Elsa alimpa Anselme ishara, na Anselme akabonyeza kinasa sauti. Mwanamke hakuona. Alizitazama taa, akayatazama mapazia, akamtafuta mtu wa kumuuliza, akamchagua Kaltum.

"Dada, samahani," akasema kwa sauti ndogo. "Ni hapa wanagawa shitingi? Yetu imepasuka, mvua inatunyeshea na watoto."

Hakuna aliyewahi kuzungumza habari ya turubai. Kaltum alimtazama Elsa. Elsa alikuwa amejiweka tayari kitini, kichwa ameinamisha upande mmoja, uso umejaa huruma. Anselme alitazama sakafu.

Kaltum alivuta pumzi pale pale alipokuwa akimfundisha Jovithe kuvuta. Akampokea mwanamke viatu vyake, akamshika mkono, akamkalisha chini ya taa. Sauti yake ilitoka nzuri, yenye upole, bila kutetemeka hata kidogo.

"Ndiyo, mama, ni hapa. Kaa. Mutoto wako aliyekufa alikuwa anaitwa nani?"