Nyundo Anaacha Sigara

Serikali ilipoamua kumwachisha Nyundo sigara, ilianza kwa kubandika bango. Ililibandika ukutani pale machinjio, juu ya bomba la kuoshea visu, na lilikuwa na picha ya pafu jeusi, onyo la faini, na namba ya simu ya kupiga bure. Afisa wa afya aliyelileta alijiziba pua kwa leso tangu getini, akatangaza kwamba sheria ya kutovuta sigara kazini imeanza leo, akaondoka mbio kabla damu haijamrukia viatu. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Nyundo hakulichukia lile bango. Jina lake alilipata ujanani, enzi za kuangusha mafahali kwa nyundo ya utosini kabla mashine haijaletwa. Siku hizi alikuwa mchunaji, yeye ubavu huu wa ng'ombe, na shemeji yake, kaka wa mkewe, ubavu ule. Kuacha sigara alitaka kwelikweli. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na pumu, na baba akirudi na moshi kwenye shati, kifua cha mtoto kilianza kupiga mluzi. Mkewe alishamwambia bila kupepesa macho: "Baba watoto, chagua. Sigara au sisi. Nikisikia tena harufu hiyo, namchukua mwanangu naenda kwetu." Nyundo akawachagua wao. Nani angechagua vingine?

Ila pale machinjio sigara haikuwa starehe, ilikuwa sehemu ya kazi. Ng'ombe akishachinjwa, Nyundo na shemeji walivuta sigara moja kwa zamu, huyu akivuta huyu akingoja, mpaka mnyama aache kurusha miguu. Moto ukifika kwenye kichungi, ng'ombe ametulia, na mikono yao imetulia. Hapo ndipo visu vinaingia. Hakuna aliyewahi kuutazama muda huo kwenye saa. Sheria ilipoiondoa sigara iliondoka na muda wake, na aliyeitunga wala hakujua kwamba ameondoa vitu viwili.

Bango lilisema zahanati inatoa chingamu ya dawa ya kutuliza hamu ya sigara, bila malipo. Nyundo akaenda. Nesi, mama mpole asiye na hatia yoyote, alimfungulia kabati aone mwenyewe: tupu. "Imeagizwa, kaka yangu. Pita wiki ijayo." Wiki ijayo ikaja na kabati lile lile. Akapiga namba ya bure. Sauti ya mashine ikamwambia wahudumu wote wana shughuli, ikampigia muziki mpaka simu ikazima. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na serikali ilimnyooshea Nyundo mkono mtupu mara mbili. Akaamua kuacha hivyo hivyo, kwa kung'ata meno.

Mazoea yana taabu. Alilowa jasho penye ubaridi. Mlango ukigongwa, ni ugomvi. Mtu akitafuna karibu naye, ni ugomvi. Usiku mkewe alimkanda mabega na kumwambia, "Vumilia, mume wangu, itapita," naye akatamani kumrushia mkono mama wa watu kwa sababu tu alikuwa anapumua.

Siku ya siku ikafika. Shemeji alitokea nyuma ya ghala la ngozi, midomo ameibana kama mtoto aliyekula sukari. Nyundo akainua pua.

"Umevuta."

"Nimevuta nini, shemeji? Noa kisu hicho."

"Umevuta, mshenzi wewe."

Shemeji, ambaye utani na Nyundo ulikuwa chakula chake cha kila siku, alimsogelea akampulizia pumzi usoni. "Haya, na wewe pata kidogo!" Wachunaji wengine wakacheka. Mate yakamjaa Nyundo kinywani, macho yakamuwaka. Nyuma yao fahali alikuwa ndiyo kwanza amechinjwa, damu bado inaruka. Nyundo hakungoja. Aliinama akazamisha kisu kwenye paja la mnyama, kwa nguvu, kana kwamba ndiye aliyemkosea.

Mguu ukaruka. Ukampiga Nyundo kiwiko, na kisu kikatoka pale pajani kikaingia mkononi mwa shemeji, kikapasua nyama toka kiwiko hadi kifundo.

"Umeniua!" shemeji akapiga kelele, akamsukuma kwa mkono uliobaki. Mtu mwenye akili zake angevua shati akafunga jeraha. Nyundo alimpiga ngumi ya mdomo. Akampiga tena. Wakaanguka wote wawili kwenye sakafu ya damu, Nyundo juu, akimgongesha kichwa kwenye zege, mpaka wenzao walipowafungulia maji ya mpira kama mbwa. Walipomvuta, ndipo kila mtu alipoona. Mkono mmoja wa Nyundo ulikuwa kooni kwa shemeji. Wa pili ulikuwa mfukoni mwa shemeji huyo huyo, unatafuta pakiti.

Akafukuzwa kwenda nyumbani. Habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mkewe alikuwa jikoni, amempa mgongo, na binti alikuwa mezani anachora. Kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni. Kifuniko tu. Nyundo aliruka, akakipiga teke kigoda kikavunjikia ukutani, akamkamata mkewe shingo ya gauni akamtupa kabatini, vikombe vikamwagika juu yake. Tangu amuoe hakuwa amewahi kumpiga. Sasa mdomo wa mkewe ulikuwa unavuja damu, na binti alikuwa chini ya meza, macho makavu, dawa yake ya kupuliza ameikumbatia kifuani.

Nyundo akaingia chumbani akajifungia na aibu yake. Alisikia mlango wa mbele ukifunguka, akaamini wanaondoka. Alilia, jitu zima lile. Sigara ameiacha, na wao wanamwacha vile vile.

Mlango wa chumba ukasukumwa polepole. Alikuwa binti yake, ameshika kisahani kwa mikono miwili. Juu ya kisahani kulikuwa na sigara moja, ina doa la damu, na kiberiti.

"Ametoa mjomba, amekuja sasa hivi," akasema. "Mama amesema uvute."

"Na kifua chako, mwanangu?"

"Mimi nitakaa nje." Akaweka kisahani sakafuni, mbali kidogo na miguu ya baba yake, akarudi kinyumenyume. "Vuta, Baba. Tafadhali."

Akavuta. Ilikuwa tamu, tamu kuliko zote alizowahi kuvuta, na aliuchukia utamu ule. Mikono ikatulia. Kupitia dirishani alisikia mluzi wa kifua cha mtoto, na sauti ya mkewe: "Subiri kidogo, baba yako anamalizia."

Aliizima kabla haijafika kwenye kichungi. Akatoka. Walikuwa nje, wamejipanga ukutani, mkewe, shemeji mwenye mkono uliofungwa kanga, na katikati yao binti. Hakukuwa na hasira tena mwilini mwake, hata chembe.

"Njoo ndani, mwanangu, nimemaliza," akasema kwa upole, na akainua mkono kuupunga moshi uliomfuata mlangoni.

Binti akajikinga kichwa.