Kiti cha Elfu Moja na Tisa

Wewe uliingia ukumbi ule ukaketi bila kugeuza shingo. Usikatae, nakumbuka. Mwanamke aliyekupangia kiti alikuwa amesimama mlangoni, miguu imemvimba, na ulipompita ulitazama taa za dari.

Sisi wafanyakazi wenzake tunamwita Mama Viti. Asubuhi moja alikuwa akiburuta viti, jasho likimtiririka, huku akiimba chinichini wimbo ambao bintiye angeuimba jioni kwenye jukwaa lilelile. Miaka yote alisikiliza sherehe za watu akiwa wima. Wafanyakazi hawaketi, ndivyo walivyoamua walioketi. Siku ile alitaka kumsikiliza mwanawe akiwa amekaa. Basi, hilo tu.

Msimamizi wa ukumbi, kijana mpole, akaja na amri ya mkubwa. "Stoo inapakwa rangi, mama, kwa hiyo viti vyote vikae humu. Na safu zilingane, kisibaki hata kimoja."

"Viko elfu moja na tisa, baba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo leo utanisaidia kubeba."

Wakapanga safu thelathini na sita, kila moja viti ishirini na nane. Kikabaki kimoja. Wakavuruga, wakapanga safu arobaini na mbili za viti ishirini na vinne. Kikabaki kimoja, kimekaa peke yake kama mgeni aliyekosea nyumba. Kijana akajibwaga sakafuni, akatoa simu, akaanza kugawa: kwa saba, kwa kumi na tatu, kwa kumi na tisa. Alipofika thelathini na moja akaacha.

"Mbona umeacha? Namba zimeisha?"

"Hakuna haja, mama. Thelathini na mbili mara thelathini na mbili tayari inapita elfu na tisa. Kigawanyo kikubwa lazima kije na mwenzake mdogo, na wadogo wote nimewajaribu. Hii inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Shuleni tuliiita namba tasa."

"Tasa? Mimi ningeiita kaidi." Akajifuta uso kwa kanga. "Basi tupange safu moja ndefu, wa mwisho akae barabarani."

Kijana alicheka mpaka akalala chali. Kisha akaiona miguu ya Mama Viti iliyovimba, pale karibu na kichwa chake, na kicheko kikakatika. Akainuka, akakibeba kile kiti mwenyewe, akakiweka kando ya mlango.

"Nitamwambia mkubwa hesabu imekataa. Wewe kaa, mama. Kikiwa kitupu wataona kimesahauliwa, watakiondoa."

Jioni binti alipanda jukwaani, akamtafuta mama yake mlangoni, juu kule alikozoea kukiona kichwa chake. Hakumwona. Akashusha macho kidogo, taratibu, mpaka yakamfikia. Ndipo akaanza kuimba.

Sasa rangi ya stoo imekauka, na mkubwa anataka kile kiti kiondolewe. Inuka. Nenda mlangoni sasa hivi, ukishike mgongo, usikiachie mpaka Mama Viti aketi.