Kitani cha Jirani

Mume wangu ni fundi bomba, na tangu tuoane hajawahi kuamka kabla sijamvuta shuka. Kwa hiyo alipoanza kuamka mwenyewe, akanyoa ndevu na kutoka akipiga mluzi, sikuhitaji mganga wa kuniambia kuna kitu.

Ilianza na bomba la bustani la jirani yetu muuguzi, yule mjane ambaye hata akikusalimu utadhani anakubembeleza. Bomba likapona, lakini fundi hakuacha kwenda.

Halafu asubuhi moja nikamsikia bafuni akiongea na simu, maji yanatiririka. "Asubuhi ndiyo raha ya kitanda, shemeji. Mchana hakuna kitu tena. Nakuja sasa hivi."

Kitanda! Na bado anamwita shemeji, bwana mwenye adabu zake! Nikatupia sweta juu ya gauni la kulalia, nikavaa ndala zake badala ya zangu, nikamfuata.

Niliingia kwa muuguzi bila hodi. Walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya maua ya kukata, wamechuchumaa, kila mmoja na mkasi wake. Mbele yao mashina membamba yalibeba maua ya buluu, mengi, yakitetemeka kwa upepo usioweza hata kuzima kiberiti.

"Karibu, dada!" muuguzi akaniita. "Umekuja kuona kitani chetu?"

Chetu!

"Kitani gani?" nikauliza. Mimi ni fundi cherehani. Kitani kwangu ni kitambaa kinachojikunja ukikitazama vibaya.

"Ndicho hiki," mume wangu akasema, uso unamng'aa. "Kile kitambaa chako kinatoka kwenye mmea kama huu. Ua linafunguka asubuhi, jua likiwa kali petali zinadondoka. Ndiyo maana tunakata mapema, tena tunachagua shina lenye matumba mengi, kesho yafunguke mengine kwenye maji. Na miche yake haihamishwi, ina mzizi mmoja mrefu. Mimi nilihamisha mstari mzima, ukafa wote. Niliumia, mke wangu, acha tu."

Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikawaeleza nilichosikia, na muuguzi naye akacheka akajifuta machozi. Kitanda, kitani! Nilihisi nimetuliwa mzigo.

Mzigo wenyewe ulirudi kabla hatujafika nyumbani. Mume wangu alibeba shada la kitani kama mtoto mchanga, anatembea upande wa kivuli lisipigwe na jua. Mimi pia nina bustani. Naipanda mimi, naimwagilia mimi, na maua ya mezani kwetu nayakata mimi. Bwana huyu akionekana huko, ujue anatafuta spana iliyomdondoka. Leo anajua mizizi! Anaumia kwa ajili ya miche!

Angekuwa kitandani kweli ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningemtupia nguo nje, na mtaa mzima ungekuwa upande wangu. Sasa mtu aliyejifunza kupenda maua kwa mwanamke mwingine, utamshitaki wapi? Watakuuliza kosa lake nini.

Akayapanga kwenye glasi, akarudi nyuma kuyatazama, akasogeza shina moja. Kabla ya chakula cha mchana petali zilikuwa zimetapakaa mezani.

"Usijali," akaniambia kwa upole ambao sikuwa nimeusikia siku nyingi. "Kesho yatafunguka mengine."

"Baba watoto," nikasema, "yale maua yangu ya chini ya dirisha la jikoni yanaitwaje?"

Akataka kugeuka. Nikamshika bega. "Bila kuchungulia."

Akafikiri. Alifikiri kweli, maskini, mpaka jasho likamtoka puani.

"Yale mekundu?" akauliza.

Hatujawahi kuwa na maua mekundu.