Abautani ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinichukia kwa moyo mmoja tangu niolewe. Chakula changu alikinusa kabla ya kukila, na jina langu hakulitaja hata siku moja. Sasa tangu ahamie kwetu, mara ghafla ni mwanangu huku, mwanangu kule. Jana kausifia mchuzi wangu! Nikajua hapa pana jambo.

Mume wangu anafundisha walinzi gwaride. Nilipomweleza akacheka mpaka akakohoa.

"Mama kapiga abautani," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kiingereza cha gwaride. Kwa Kiswahili ni nyuma geuka. Ulikuwa unatazama huku, papo hapo unatazama kule. Hata mkubwa akibadili msimamo wake ghafla, watu husema kapiga abautani."

"Na askari anageuka tu akijisikia?"

"Thubutu! Anasubiri amri."

"Haya, mama yako kaamriwa na nani?"

Akaendelea kupiga pasi sare yake.

Mimi roho haikutulia. Labda anataka chumba chetu kikubwa. Labda anamtafutia mwanawe mke mwingine, na mimi napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikaanza kufunga kabati kwa ufunguo. Akinimiminia chai, nasubiri anywe yeye kwanza. Na bado, Mungu anisamehe, kila akiniita mwanangu natamani iwe kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa na njaa ya neno hilo.

Leo asubuhi tumebaki wawili jikoni, tunachambua mchele. Nikasema liwalo na liwe.

"Mama, niambie ukweli. Umeanza lini kunipenda?"

Akatazama mlangoni, akanivuta karibu, akashusha sauti.

"Wewe nimekupenda tangu siku ile ulipokuja kufanya kazi hapa. Una mkono mzuri, huna maneno. Ila kuna yule mke wa kijana wangu. Hana haya yule, roho yake mbaya. Sijamwona siku nyingi, na nashukuru. Akija, mwanangu, usimfungulie."

Nikauweka ungo chini. Nilitaka kumwambia, Mama, ni mimi, mimi ndiye mke wa kijana wako. Lakini alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, ananitazama kwa hofu, anangoja nimuahidi.

"Sawa, Mama," nikasema. "Akija, simfungulii."